Koti la Runingani

Ndugu yangu, nimetoka hewani sasa hivi. Hewani!

Lile koti la kipindi cha mauzo runingani, nililonunua ili nighani nalo kwenye harusi ya dada, limefika. Mikono inaishia kwenye viwiko, mgongoni anaenea mtu wa pili. Nimewapigia wauzaji simu mara nne: "Halirudishwi, kaka."

Mara ya tano nikasema nataka kulisifu. Wakaniunganisha na kipindi papo hapo! Mtangazaji akauliza, "Limekukaaje, mteja wetu?"

Nikamghania:
Kwenye kioo ni koti, mwilini gunia tupu,
Mwalisifia kwa dhati, kumbe mwauza makapu!

Wakakata.

Sasa meneja kapiga mwenyewe. Eti niombe radhi hewani, ndipo walipokee koti lao. Radhi! Mimi?

Nimemwambia, "Niunganishe tu, bosi. Bado nina beti sita."