Nimekaa Kiti cha Mbele

Mbooni, 12 Mei 1986

Wifi yangu mpendwa Bilha,

Huku sote tu wazima, na natumaini huko Emali pia hamjambo. Mvua ilinyesha vizuri na maharagwe yamechanua.

Kidonda changu cha upasuaji kimepona. Wifi, asante. Miaka yote nilivuja damu nikidhani ndivyo nilivyoumbwa, na akina mama wa kanisa wakaniambia nifunge niombe. Ni wewe uliyenishika mkono ukasema, "Kaluki, huu ni ugonjwa. Tutaomba tukiwa kwa foleni ya hospitali." Kumbe ulikuwa uvimbe ndani ya kizazi, mkubwa kama embe.

Kuna jambo sikukuambia. Siku niliyorudi nyumbani, mama yenu alimuuliza kaka yako mbele yangu, "Sasa huyu ametolewa kizazi, na mna msichana mmoja tu. Utaoa mwingine lini?"

Nikadhani nimeachwa. Lakini Muthama akasema, "Mama, kila mwezi nilikuwa namzika huyu moyoni. Leo amekaa hapa anakunywa uji. Usiniulize hivyo tena."

Mama aliondoka bila kuaga, na bado hatusemezani vizuri. Mimi pia nikiona mtoto mchanga, machozi hunitoka.

Lakini Jumapili nilivaa gauni jeupe, nikakaa kiti cha mbele mpaka ibada ikaisha. Niliposimama, sikugeuka kuangalia nguo yangu nyuma.

Mungu akutunze kama ulivyonitunza.

Ni mimi wifi yako,
Kaluki