Injini Iliyofungiwa Stoo

Nakusalimu kamwene, mjukuu wangu Tulizo. Hapa Njombe tu wazima. Mama yako yuko shambani anavuna viazi. Unauliza kama ile miwani ya chuoni kwenu, inayokuonyesha injini isiyokuwepo, ni elimu au mchezo.

Nilipokuwa chuo cha ufundi Makambako, mwalimu alituchorea injini ubaoni miaka miwili. Ya kweli ilifungiwa stoo, eti tutaiharibu. Soko huria lilipoingia, chuo kikafungwa, injini ikapakiwa kwenye lori kama chuma chakavu. Nikamfokea mwalimu mbele ya wote: "Hata nati moja hatujaishika!"

Akainamisha kichwa. "Hata mimi, binti yangu."

Hasira ninayo mpaka leo, ila kwa waliotunyima sote wawili. Vaa miwani hiyo, ujifunze. Kisha wadai wakuu wa chuo chenu spana.

Bibi yako akupendaye.