Nilisema Tusubiri

Jumamosi, 23 Mei 2026
Dola za Baba zimefika! Afande Kidega, askari mwenzake, kazileta kutoka Mogadishu – mia saba, noti mpya. Ada ya shule inatosha. Kiingereza cha redio kinampita Mama, kwa hiyo kaniambia mimi nisikilize: tubadilishe leo au tungoje? Redioni wanabishana juu ya kodi mpya ya dola. Itakuja, haitakuja, hawajui wenyewe. Watu wameogopa, wanazificha dola, bei inapanda. Nikasema tusubiri. Mimi! Darasani hata mkono siinui.

Jumatatu, 25 Mei
Dola moja ilikuwa shilingi 3,600, leo 3,690! Wanawake wa hapa kambi ya jeshi Mbuya hubadilisha pamoja – dola zikiwa nyingi, foreksi, duka la kubadilisha fedha, inawaongezea bei kidogo. Leo wamekuja mlangoni kwetu. Mama Obita, jirani: "Profesa wetu, twende?" Nikatikisa kichwa. Wakacheka, wakarudi na dola zao.
Rumaisa kaenda shule jana. Ananishikia kitanda bwenini kando ya chake, lakini matroni kasema mwisho Ijumaa, asiyelipa ada anapoteza nafasi. Sina rafiki mwingine.
Ila kuitwa vile na watu wote – nilifurahi. Nakiri.

Jumatano, 27 Mei
Serikali imeahirisha kodi. Kila mtu katoa dola zake siku moja. 3,420.
Bombani Mama Obita kasema, "Profesa, umetukaanga bila mafuta." Hakuna aliyecheka. Nikaondoka na jerikeni nusu.
Mama hajanigombeza. Bora angenigombeza.

Alhamisi, 28 Mei
Kwa bei hii pesa ya ada inapungua laki moja na zaidi. Simu ya Baba haipatikani. Kesho ndiyo Ijumaa.
Redio asubuhi: waziri atazungumza tena mchana. Kodi ile ile! Inarudi? Imekufa kabisa? Hawakusema.
Mama kavaa viatu, bahasha iko ndani ya blauzi. Nje wanawake wamesimama na mikoba yao, mlango wetu hawaukaribii. Mama kaniuliza kwa sauti ya chini, kwa Kiacholi, ili wasisikie: mwanangu, twende au tungoje?
Mama Obita kakisia, kapaza sauti huko nje – "Huyo msimwulize tena!"
Lakini hakuna anayeondoka. Wote wanautazama mlango wetu, hata yeye.
Nimemwambia Mama anipe dakika moja, naandika kitu. Anadhani napiga hesabu.