Mashangazi wa Nyumba ya Singe

Bagara, Babati
Ijumaa, 14 Oktoba 2005

Mpendwa Kaka Ludovick,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Geita, na kile kikohozi cha vumbi ulichomwandikia Mama kimekuachia. Sisi hapa hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi tu, likishapata jua anatembea kunizidi. Mimi nasoma kwa ajili ya mtihani wa Fomu Tuu, na Kiingereza kinanipenda kuliko Hesabu.

Kaka, kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Nilianza kukuandikia kwa Kiingereza ili Mama akiikuta karatasi asielewe. Mistari sita ilienda vizuri. Nilipofika kwenye shikamoo nikakwama, na bila hiyo shikamoo hakuna habari yenyewe. Basi naandika kwa Kiswahili, na nikisikia mtu anakuja naificha chini ya daftari la Jiografia.

Ulimwuliza Mama kwa nini nyumba yako ya Singe haina mpangaji wa kudumu, wakati tangu tupate mkoa wafanyakazi wa ofisi wanagombania hata mabanda. Mama alikujibu kwamba ina wageni. Hakukudanganya, ila hakumaliza. Alisema mengine atakuambia Krismasi, maana mambo mengine husemwa watu wakiwa wanakula.

Wale walimu wapangaji wako walipohama mwaka jana, nyumba ilikaa tupu. Mama Rahma wa duka la vitenge naye alikuwa na vyumba viwili vya uani vimekaa bure. Wakashauriana, wakaenda ofisi ya ustawi wa jamii, wakasema kama kuna mwanamke amefukuzwa au amekimbia kipigo na hana pa kulala, aletwe. Anakaa wiki mbili, au mwezi, mpaka apate pa kwenda. Wiki ya kwanza haulizwi kodi. Baadaye analipa anachoweza, na akishindwa kikundi chao cha akina mama kinamlipia.

Sheria ya nyumba ni moja. Hakuna kumwita mgeni kwa jina la mtoto wake. Ukishasema Mama Fulani umeshamtaja mtoto, na ukimtaja mtoto umeshamtaja na baba yake. Kwa hiyo kila anayekuja ni shangazi. Mpaka sasa nimepata mashangazi kumi na mmoja. Mzee Damiani, jirani wa kule Singe, alisema kumbe marehemu babu yetu alikuwa mwanaume wa shoka, na Mama akamjibu kwamba wengine bado wako njiani.

Wa kuwasafirisha na mizigo yao ni Sadallah, mpwa wake Mama Rahma, mwenye pikapu ya bluu. Huyo ndiye aliyekuwa ananitania kwamba siku ya harusi yangu padri wetu itabidi anipe karatasi niandike ndiyo. Unanijua, Kaka. Mimi sina salamu. Watu wazima wakipita naangalia viatu vyangu, na Mama amenigombeza mpaka amechoka.

Shangazi wa kumi na mmoja alikuja mwezi wa tisa kutoka upande wa Katesh, na mfuko mmoja na mtoto wa miaka minne. Jicho la kushoto lilikuwa halijafunguka vizuri. Alikuwa fundi wa kushona. Mama Rahma akamtafutia cherehani ya kukaa nayo kwenye baraza ya duka lake, na alikuwa amebakiza siku chache aanze. Sketi yangu ya shule aliishusha upindo kwa mkono, na alivyokuwa anashona akaniambia kwamba mtoto wake anaitwa Wolfgang, jina la padri mzee aliyembatiza. Akasema wiki tatu hakuna mtu aliyemwita Mama Wolfgang, na kwamba ukikaa sana bila kuitwa unaanza kufikiri labda umekufa na watu wanaona haya kukuambia. Alicheka. Mimi sikucheka.

Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, mume wake alikuja Singe na wanaume wawili. Walipita nyumba kwa nyumba wakimwulizia Mama Wolfgang, mpaka wakafika kwako. Mzee Damiani alisimama mlangoni na jembe, akawauliza wametumwa na mjumbe gani, akawaweka hapo kwa maneno mpaka majirani wakajaa. Shangazi alishatokea nyuma, akapita kwenye mbaazi na mtoto mgongoni. Sadallah ndiye aliyemchukua barabarani. Kesho yake shangazi alipanda basi la kwenda mbali, na cherehani hakuikalia hata siku moja. Kwenye mbaazi Mama aliokota ndala moja ya mtoto. Ameiweka dirishani, naiona kila nikinawa uso.

Mama akataka kujua nani amesema. Wanaojua nyumba ni wachache, na kati yao anayekaa stendi kunywa kahawa na madereva ni Sadallah. Mama alimwambia Mama Rahma kwamba mdomo wa kijiweni hauna geti. Mama Rahma akainuka, akaacha chai yake nusu. Sadallah alikuja kuapa, akaambiwa asirudi. Jana alinipita na pikapu karibu na soko, hakunitania.

Keshokutwa baada ya misa Mama atawaambia wenzake kwamba Sadallah ndiye aliyewauza, na funguo atampa yule afisa rafiki yako anayetaka kuipanga nyumba. Amesema kazi hii bila kuaminiana ni kuwaita wanawake mtegoni.

Kaka, siyo Sadallah. Ni mimi.

Jumamosi ile kabla ya hiyo Jumanne nilimkuta shangazi sokoni anachagua samaki. Nilikumbuka alichoniambia, nikataka kumpa kitu. Sina kitu, nikampa salamu. Nilisimama wima, nikasema kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa mbele za watu, “Shikamoo, Mama Wolfgang.” Sheria niliijua. Aligeuka na uso wote unacheka, akaitikia marahaba, halafu uso ukazimika. Akaondoka bila samaki.

Mtu mmoja aliyekuwa anashusha magunia ya vitunguu akanijia. Aliongea kwa upole. Akasema yeye ni wa kwao huko Katesh, akauliza kama huyo mama ni jirani yetu, ni wa Bagara au wa Singe. Mkubwa akikuuliza unajibu. Nikasema Singe. Neno moja tu.

Siku ya basi, Mama alimwuliza shangazi kama kuna mtu yeyote aliyemtambua hapa mjini. Alinitazama, akasema hapana. Alivyoniaga alinishika kichwa, akaninong'oneza kwamba ile salamu ilikuwa nzuri. Hilo ndilo linaloninyima chakula. Yeye amenificha, na Sadallah ndiye anayelipa.

Nakuomba usimkubalie yule afisa. Mwandikie Mama kwamba nyumba ibaki ya mashangazi. Najua barua yako haitafika kabla ya Jumapili. Nimelijua hilo tangu mstari wa kwanza, ila nilihitaji kulisema kwa mtu aliye mbali kwanza.

Msalimie wifi Scholastica, mbusu mtoto, na wote wanaotukumbuka huko waambie tupo na tunawaombea.

Nasikia kandambili za Mama ukumbini. Moja imeungwa kwa waya, inagonga sakafu kabla ya mwenzake. Daftari la Jiografia liko hapa pembeni na silivuti. Heri sikuandika kwa Kiingereza. Ataisoma mwenyewe.

Mdogo wako,
Redempta