Ulivyopanda Jabali la Menengai kwa Viatu vya Kanisa

Baba Tabitha,

Salamu kutoka Nakuru. Nyumba ya reli tuliiacha, maana walitaka kumweka fundi mwingine. Tuko kwa kaka yangu, na Tabitha ananipita kwa urefu. Kichomi kilikuchukua haraka hata sikupata nafasi ya kukugombeza. Sasa ninayo.

Siku ya kukuzika, mchungaji alisimama akasema, "Ndugu yetu alikuwa jasiri. Alipanda jabali la Menengai kumwokoa mkewe." Mimi! Nilijifunika leso usoni nikacheka mpaka mabega yakatikisika. Akina mama wakanishika: "Pole, lia tu, mama."

Wewe unajua ilivyokuwa. Uliwaona Wazungu wakipanda lile jabali kwa kamba, ukarudi nyumbani huli, hulali. "Hata sisi watu wa reli tunaweza!" Ukamchukua rafiki yako Zakaria na kamba ya mkonge, ukavaa viatu vya kanisa kwa sababu watu wangekuja kutazama. Kamba ukajifunga kiunoni. Ncha ya pili akaishika Zakaria, naye amesimama chini! Ungeanguka, sijui angekuvuta kwenda wapi.

Ulianza vizuri, sikatai. Watu wa landi, majirani zetu wa nyumba za reli, walipiga makofi. Halafu katikati ukasimama. Tukakuita.

"Napumzika kidogo nione ziwa!"

Watu wote wakageuka, nao wakaangalia ziwa. Mimi niliangalia magoti yako. Jua likazidi kuwaka, na wewe bado unaona ziwa.

Ndipo nikavua viatu, nikakaza leso, nikakufuata juu. Nimelelewa kwenye mawe ya Maragoli nikikimbiza mbuzi, kwa hiyo jabali halikunitisha. Ulinitisha wewe. Uso wako ulikuwa rangi ya jivu, na nikamwona Tabitha hana baba.

"Mama Tabitha, rudi, utaanguka," ukaninong'oneza.

"Na wewe?"

"Mimi nilishaanguka. Bado tu kufika chini."

Nikakwambia uvue viatu. Ukakataa, eti soksi zina matundu! Nikakuvua kwa nguvu, nikavitupa, kimoja kikampata Zakaria begani. Kisha nikakushusha, nikishika kisigino chako na kukiweka penye ufa, mguu huu, halafu ule, huku ukiomba Mungu kwa Kiluhya, Kiswahili na Kiingereza kidogo.

Tulipokaribia chini ukasema, "Mke wangu, nipishe nitangulie." Nikakupisha. Ukaruka, ukasimama wima, ukaninyooshea mkono mbele ya watu wote: "Polepole, mama. Usiogope, nimekushika."

Nilitaka kukuzaba kofi. Lakini mkono wako ulikuwa bado unatetemeka, basi nikaushika.

Siku hizi vijana wa reli wanapanda kila Jumamosi. Wamejifunza: mwenye kushika kamba anakaa juu. Juzi wamenialika, mjane wa shujaa, nikae kwenye kiti nitazame. Nilitazama mpaka nikachoka. Nikavua viatu, nikapanda hadi juu kabisa. Kule chini nikamsikia Zakaria akipaza sauti, "Mnaona? Marehemu alimfundisha vizuri!"

Sikumsahihisha, na nakuahidi sitamsahihisha. Lala salama, baba. Lakini siku tutakayokutana huko, utawasimulia malaika wewe mwenyewe, tangu mwanzo, na mimi nitakuwa nimekaa mstari wa mbele.

Mkeo,
Mama Tabitha