Ziwa Lililopewa Jina la Baba

Jumamosi, mwezi wa kumi. Jua la leo hapa Kibiti si la kuanika nguo, ni la kuunguza, na vumbi linaingia hadi kwenye chai. Akili si yangu tangu jana jioni. Asubuhi nimeshona mfuko wa suruali ya mteja ukatazama nje, nikaufumua, nikaushona vilevile.

Mnaonisoma humu mnaujua ugonjwa wangu. Mimi ni fundi cherehani, lakini nikisikia habari ya ziwa la ajabu, usingizi sina. Wiki iliyopita niliwaandikia kuhusu Nyos, lile ziwa la Kameruni lililotoa hewa nzito usiku mmoja ikaua watu na ng'ombe wao. Nikaja kwenye ziwa la Senegal lenye maji ya rangi ya waridi, kisha letu wenyewe la Natron, ambalo ndege akifia humo, magadi humganda mwilini akawa mkavu kama sanamu. Nikamalizia kwa maringo: kama kuna ziwa la kushangaza nililolisahau, niambieni.

Nimeambiwa.

Msomaji mmoja wa Mbwara aliniandikia jana kwamba nimelisahau la kwetu, ziwa jipya lililoletwa na mafuriko ya masika, bondeni Rufiji. Akaweka na picha. Maji yametulia, mayungiyungi yamechanua, vijana wako ndani ya mtumbwi. Linaitwa Ziwa la Mzee Mkumba, akaandika, na samaki wake wamenona.

Mzee Mkumba ni baba yangu.

Yuko hai, alhamdulillahi. Anakaa chumba cha uani hapa kwangu tangu mafuriko yalipomtoa nyumbani kwake shambani, huko bondeni. Mguu haumruhusu safari, kwa hiyo habari za shamba anazipata kwa simu kutoka kwa baba mdogo, ambaye kila akiulizwa hujibu kwamba maji yanashuka, bado kidogo. Baba ameshanunua mbegu ya mpunga. Ameshatafuta na mtu wa kumlimia. Kila akitoka kwenye swala ya alfajiri, mazungumzo yake ni mvua za vuli.

Nilitaka kumpigia baba mdogo nimtolee maneno. Nikaona heri nikajionee kwanza. Nikamuaga baba kwamba nafuata vitambaa Ikwiriri, nikapanda bodaboda hadi bondeni.

Sijui niandikeje. Kwetu kila mtu anajua kwamba mto ukifura huacha madimbwi, na mengine hudumu miaka mpaka yakaitwa maziwa. Lakini siku zote hayo yalikuwa kwa watu wengine. Leo nimesimama karibu na lilipokuwa ghala letu, nikaona maji mpaka macho yakachoka. Mto umechimba, umekwenda zake, maji umeyaacha. Halafu pale mama, Mungu amrehemu, alipokuwa akipepeta mpunga, kiboko akainua kichwa, akapuliza pua, akazama tena. Nikakaa kwenye tope na sketi yangu mpya.

Habari ya Nyos niliisoma huku natafuna karanga. Leo nimelia mpaka kwikwi.

Kilichonishtua zaidi ni furaha ya watu. Akina mama wanakaanga samaki ukingoni, wanataniana. Na hakuna aliyekosea: shamba lilikuwa la baba, ziwa ni la wote, ndiyo kawaida yetu. Waliponitambua walinipa pole, wakanijazia perege kwenye mfuko wa salfeti, fungu la mwenye mahali. Baba mdogo naye alikuwa pale, anavuta wavu. Matusi niliyokuja nayo yote yalinipotea, maana hakuweza hata kunitazama.

"Siwema, mwambie wewe," akasema. "Mimi mdomo umenishinda."

Nimerudi alasiri. Baba alikuwa mkekani. Akafungua mfuko, akamgeuzageuza samaki mmoja, akamsifu kwa unene.

"Perege hawa wa wapi?"

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kumwandaa. Hayakuja.

"Wa shambani kwako, baba."

Nikampa simu aione ile picha. Aliisogeza karibu na macho. Akauliza kina chake. Akauliza kama nyumba imebaki hata nguzo, nikamwambia hapana. Mwisho akauliza wanaliitaje, nami nikamwambia.

"Hawakungoja hata nife," akasema.

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilizoea baba wa kugomba. Huyu wa leo alinirudishia simu taratibu, akaniambia kesho nimkodie bajaji akaone mwenyewe, tena nimpigie pasi kanzu yake nyeupe. Nikamwambia kule ni tope tupu, kanzu itaharibika bure.

"Msibani mtu haendi na nguo za shamba."

Kanzu nimeshainyoosha, naiona pale ukutani ninapoandika. Kesho ninampeleka baba akalizike shamba lake, nalo lote liko chini ya maji. Udongo wa kutupia tutautoa wapi?