Betri Ndani ya Kopo la Misumari

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kama utanigombeza anza na kugombeza ndipo ushauri ufuate. Mimi ni seremala, umri wa miaka sabini na mmoja, msumeno wa umeme umenila masikio kidogo kidogo mpaka mke wangu akinihitaji anagonga ukuta wa karakana kwa mchi, nami nausikia mtikisiko kwenye meza ya kazi nakwenda, tukaishi hivyo miaka, hadi mwaka jana binti yetu akaniletea vifaa vya kusikia, mama yake akacheka, "Sasa una masikio, mume wangu, mchi wangu urudi kwenye kinu," lakini vile vifaa vilinitesa, sahani zinalia kama nyundo, randa inanguruma kichwani, nikaona aibu kusema vimenishinda, nikatoa betri nikazificha kwenye kopo la misumari, nikaendelea kuvaa vifaa vitupu, akiongea natikisa kichwa. Mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, kiharusi kikamwangusha bafuni, akaniita, nami nipo nyuma ya ukuta napiga randa mlango wa kabati, akaita mpaka jirani yetu fundi cherehani akasikia akaja kunishika bega, "Mzee, mkeo anakuita tangu nianze kukata kitambaa!" Binti alipouliza nikasema nilitoka kununua misumari. Jirani kanyamaza. Sasa mke wangu yuko kitandani, upande mmoja umekufa, sauti imebaki uzi, kila siku ananishika mkono ananiambia jambo, na mimi, Mungu anisamehe, natikisa kichwa. Nimwambie binti, au nife na siri yangu?

Seremala

Seremala, pole. Huruma yangu inaishia hapo.

Uziwi si kosa lako. Kosa ni kutikisa kichwa. Mkeo alijua ukuta ndio sikio lako. Angeupiga hata kwa ndoo. Ulimnyang'anya ukuta, ukampa masikio ya maonyesho. Nanyi mnaosoma mkiguna, miwani mnavaa kwa maringo, kifaa cha sikio mnakiita uzee. Ndiyo maana watu wazima wanaficha betri makoponi.

Leo hii tafuta betri mpya. Rudi kwa aliyekupima, umwambie habari ya sahani na nyundo. Vifaa hurekebishwa, na kichwa kilichozoea kimya hujifunza upya kwa wiki nyingi. Anza na chumba kimoja na sauti moja, yake. Binti mwambie mwenyewe, kabla jirani hajachoka kukusitiri.

Siri, unasema? Siri gani, bwana wee? Yule mama masikio yake ni mazima. Siku ile alikuwa amelala sakafuni akisikia randa yako ikienda na kurudi. Anajua ulikuwepo. Asichokijua ni kwamba vile vifaa vilikuwa vitupu. Kwa hiyo anaamini ulimsikia, ukaendelea na kabati. Huenda hilo ndilo analokuuliza kila siku, nawe kila siku unamtikisia kichwa kwamba ndiyo.

Tia betri. Keti karibu naye. Msikilize mpaka mwisho, kisha umjibu kwa mdomo.